Juzuu moja inatosha: uzoefu wangu wa kununua Ibn Battuta wa Paris, chapa ya 1854

Naanza na hukumu kabisa. Kama wewe ni mtu wa Pwani, au asili yako ni huku, na unatamani kumiliki chapa ya kale ya safari za Ibn Battuta, usihangaike na seti nzima. Tafuta juzuu ya pili ya chapa ya Paris, ile ya wahariri Defrémery na Sanguinetti, iliyotoka 1854. Inunue hiyo peke yake. Mimi nimefanya hivyo na moyo wangu umetulia.

Chapa hiyo ina juzuu nne, zilizotoka kati ya 1853 na 1858. Ya pili ndiyo inayotuhusu. Humo mna Iraq na Uajemi, halafu Yemen, halafu Zeila, Mogadishu, Mombasa na Kilwa, kisha merikebu inageuka kwenda Zafar (Dhofar, kuliko na Salala) na Oman. Kwa hiyo ndugu zetu walioko Salala na Nizwa nao watakuta kwao humohumo. Kurasa za mwambao wetu ni chache mno, hazifiki ishirini, zinaanzia karibu na ukurasa wa 180. Lakini nitajieni mtu mwingine wa karne ya 14 aliyeshuka bandarini kwetu, akala chakula chetu, akasali nasi, kisha akasimulia kwa mapana kiasi hiki. Mimi simjui.

Kwa wasiomfahamu: alizaliwa Tanja, Moroko, mwaka 1304, akatoka kwao 1325 kwenda kuhiji, akaendelea kutembea karibu miaka thelathini. Huku kwetu watafiti wengi wanakadiria alipita 1331. Alipomaliza safari, Sultani Abu Inan wa Fez akamwamuru asimulie, na mwandishi Ibn Juzayy akayaandika. Kazi ikamalizika mwishoni mwa 1355. Ulaya ilichelewa sana kumjua, na hata ilipomjua, kwa muda mrefu ilishika muhtasari tu. Nakala kamili zilizoandikwa kwa mkono zilifika Paris baada ya Wafaransa kuingia Algeria mwaka 1830. Defrémery na Sanguinetti walikaa nazo, wakazilinganisha, wakatoa matini kamili ya Kiarabu pamoja na tafsiri ya Kifaransa.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wauzaji wengi. Ukiuliza chapa ya kale ya Ibn Battuta, watakusukumia ya London ya 1829, tafsiri ya Samuel Lee. Ni kitabu kizuri kukitazama na kina heshima yake ya kutangulia. Ila Lee alitafsiri kutoka nakala zilizofupishwa, zilizoko Cambridge. Unalipa fedha nyingi kupata muhtasari, tena bila Ibn Battuta mwenyewe kusema kwa lugha yake. Mkusanyaji wa vitabu vya Kiingereza ataniambia nimekosa adabu, lakini kwa msomaji wa Mombasa au Unguja aliyepita madrasa, pesa hiyo iende Paris.

Sasa mambo ya ununuzi wenyewe. Ukitafuta mtandaoni utaona nakala nyingi zimeandikwa "1853–1858" bila maelezo zaidi. Usikubali maelezo hayo peke yake. Chapa hii ilirudiwa baadaye, na seti nyingi zimeungwaungwa: juzuu moja ya mwanzo, nyingine ya marudio, zote zimevikwa ngozi ya rangi moja zikafanana kama mapacha. Dawa yake ni kuomba picha ya ukurasa wa jina wa kila juzuu. Kitabu kilipochapwa mara ya kwanza Ufaransa ilikuwa chini ya Napoleon III, kwa hiyo kiwanda cha serikali kiliitwa Imprimerie impériale, yaani cha kifalme. Ufalme huo ulianguka 1870, na marudio ya baadaye yana Imprimerie nationale, cha taifa. Neno hilo moja chini ya ukurasa linakwambia unachonunua, hata kama muuzaji hajui. Nikiona muuzaji anasita kutuma picha hiyo, mimi naondoka.

Niliyenunua kwake ni muuza vitabu vya kale wa Ulaya, mzee mwenye subira. Nilimuuliza maswali mengi: kurasa zote zimo? Kuna za kubandikwa upya? Mgongo umeshika? Kuna mhuri wa maktaba? Alijibu moja baada ya jingine, akapiga picha mpaka kona za jalada, na doa la maji ambalo hakuliandika kwenye tangazo akalionyesha mwenyewe. Kwa biashara ya namna hii, hiyo ndiyo huduma ninayoilipia. Bei ya juzuu moja iliyotengana na wenzake ilikuwa sehemu ndogo tu ya bei za seti nilizoziona. Kwa bei ya seti kamili ya chapa ya kwanza, ikiwa safi, ungeweza kununua bodaboda mpya. Wakusanyaji wakubwa hawapendi juzuu pweke, na hilo ni faida yetu. Kifurushi kilikaa forodhani kuliko nilivyopenda na nikalipia hiki na kile, lakini kilitoka kizima, kimefungwa kwa kadibodi ngumu pande zote.

Nakala yangu haina ngozi. Iko kwenye jalada lake la karatasi, maana Wafaransa wa wakati ule waliuza kitabu hivyo, mnunuzi akampelekea fundi wake wa kujalidi. Mgongo umepasuka sehemu mbili, kingo zina madoa ya kahawia, karatasi ya ndani bado ina nguvu. Kilichonifurahisha kuliko vyote kilikuwa nyuma: kurasa za mwisho, ambako wahariri wameweka tofauti za zile nakala za mkono, zilikuwa bado zimeungana juu kama zilivyotoka kiwandani. Kitabu kimeishi zaidi ya miaka 160 na hakuna aliyewahi kuzifungua. Nilizipasua kwa kisu cha mfupa, polepole, kikilala karibu bapa na karatasi. Msitumie kidole kabisa. Kidole kinachana nyuzi na jeraha lake halifichiki.

Mpangilio wa ukurasa ni huu: Kiarabu juu, Kifaransa chini yake kwa herufi ndogo. Herufi za Kiarabu ni pana, nukta zimekaa mahali pake, macho hayachoki. Nilimpelekea maalim wangu aliyenisomesha utotoni, nikamfungulia ukurasa wa Mombasa bila kumwambia ni nini. Alisoma kwa sauti: kisiwa chenye migomba na milimau, watu wake chakula chao ni ndizi na samaki, nafaka wanaletewa. Wenyewe ni Mashafii, watu wa dini na staha. Misikiti yao ni ya mbao, imejengwa kwa ustadi. Kwenye kila mlango wa msikiti kuna kisima kimoja au viwili, kina chake dhiraa moja au mbili, na maji yanatekwa kwa chombo cha mti kilichotiwa kijiti chembamba cha dhiraa moja. Anayetaka kuingia huosha miguu, na mlangoni kuna kipande cha mkeka mnene cha kujifutia. Maalim alisimama hapo akasema, "Huyu mtu alikuwa anatazama, mwanangu." Ibn Battuta alilala Mombasa usiku mmoja tu.

Kilwa ndiyo iliyonishughulisha zaidi. Anaisifu kuwa katika miji mizuri kabisa na iliyojengwa vyema, kisha anasema yote ni ya mbao. Na sisi tunajua msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani ni wa mawe, na Husuni Kubwa, kasri la mawe ya matumbawe, linahusishwa na sultani huyuhuyu aliyemkuta, al-Hasan bin Sulaiman. Alisahau baada ya miaka zaidi ya ishirini? Aliona mitaa ya watu wa kawaida tu? Nilikwenda moja kwa moja kwenye zile kurasa za nyuma kutazama wahariri walikuwa na nini mikononi. Starehe ya kuwa na chapa hii ni hiyo: swali likikujia, matini iko mbele yako.

Na kisa cha sultani huyo, aliyepewa lakabu ya Abul Mawahib kwa ukarimu wake, msikisome kwa haraka. Fakiri wa Kiyemeni anamsimamisha akitoka sala ya Ijumaa, anamwomba nguo alizovaa. Sultani anaingia nyumba ya khatibu, anabadili, anampa. Mwanawe anazichukua tena kwa kumpa fakiri watumwa kumi, na baba anaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Ukarimu na utumwa vimekaa katika sentensi zilezile, na msimuliaji hashangai. Mimi nadhani kila anayeisifu Kilwa ya zamani anapaswa kuvisoma vyote viwili pamoja.

Neno kuhusu nakala za kuchapwa kwa oda, zile za bei nafuu zenye jalada la picha ya jangwa. Niliagiza moja kwanza ili niwe ninaichorachora. Jina la kampuni silitaji, na nimeona nyingine zenye kasoro zilezile. Wamepiga skani kurasa bila kuzisafisha, nukta za Kiarabu zimefifia hata be, te na nuni haziachani, na pembeni mistari imekatwa. Kwa kazi ya kuchorachora ni afadhali uzipakue bure skani za Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, uchape mwenyewe kurasa unazotaka.

Asiyesoma Kiarabu wala Kifaransa asikate tamaa. Tafsiri ya Kiingereza ya H. A. R. Gibb ya 1929 ni uteuzi tu wa sehemu za safari, lakini mwambao wetu umo, na nakala zake za zamani hazina bei ya kutisha. Akitaka kamili, ni tafsiri aliyoianza Gibb, iliyotolewa na Hakluyt Society, chama cha Uingereza kinachochapisha safari za kale; Afrika Mashariki iko juzuu ya pili pia, ya 1962. Ile ya Said Hamdun na Noel King ya 1975 imekusanya safari zake za Afrika Mashariki na Magharibi peke yake, na ndiyo ninayowapa vijana wanaoanza.

Mwisho, utunzaji, maana joto la Pwani halina huruma na karatasi. Nakala yangu haikai ndani ya mfuko wa plastiki, kwa sababu unyevu ukiingia hautoki na ukungu unafuata. Iko kwenye sanduku la kadibodi isiyo na asidi, rafu ya juu, mbali na ukuta wa nje, na kila baada ya muda naifungua ipate hewa na kukagua wadudu wa karatasi. Mgongo uliopasuka nimeuacha kama ulivyo. Fundi mmoja aliniambia atauvika ngozi mpya ung'ae. Nimemkatalia, kwa sababu jalada la karatasi la 1854 likishatupwa halipatikani tena.