Fulana ya kuogelea ya mikono mirefu: tulivyoitumia Jambiani kwa mtoto mwenye ualbino

Jua la saa kumi jioni halimpigi mtoto utosini, linampiga ubavuni. Ndiyo sababu naandika kuhusu fulana na si kuhusu kofia. Kofia pana humfaa sana adhuhuri, lakini jua likishainama hupenya chini ya ukingo wake na kufika shavuni, masikioni na shingoni. Mwavuli nao, muda huo kivuli chake kimeshaangukia mbali na mkeka.

Binti yangu yuko darasa la pili na ana ualbino. Kaka yake hana. Desemba shule zikifungwa tunashuka kutoka Moshi kwenda Jambiani, Unguja, alikoolewa wifi yangu, na tukifika kule kumtoa mtoto baharini ni kazi. Fulana yenyewe niliinunua Kariakoo, dukani, kwa shilingi 45,000. Ni ya nailoni iliyochanganywa na spandeksi, inashika mwili kiasi, mikono inafika hadi viganjani, kola ni ndefu na ina zipu mbele. Rangi ya chungwa kali, alichagua mwenyewe. Lebo ya ndani imeandikwa UPF 50+, na wazazi wenzangu, namba hiyo ndiyo mnayoilipia: kitambaa hakipitishi zaidi ya sehemu moja kati ya hamsini ya mionzi ya jua inayounguza. Fulana nyepesi nyeupe ya pamba, ile tunayowavalisha watoto wote ufukweni, aghalabu kinga yake ni kati ya 5 na 7 tu, na ikilowa inashuka zaidi.

Bei hiyo najua si ndogo. Hata hivyo losheni ya jua hutakiwa kupakwa upya kila baada ya saa mbili, na kila mara mtoto anapotoka majini na kujifuta. Nani anaweza kumkamata mtoto wa miaka minane kila saa, amejaa mchanga, amkaushe, ampake mgongo mzima? Fulana ukishamvisha umemvisha. Mgongo, mabega, kifua na mikono havihitaji tena kukimbizana. Losheni inabaki kwa uso, masikio, viganja, nyuma ya magoti na juu ya nyayo, na hapo sisi tunatumia Kilisun, inayotengenezwa hospitali ya KCMC hapa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino na kugawiwa bure. Kinga yake ni SPF 30 (SPF ni kipimo cha kinga cha losheni, kama UPF ilivyo cha kitambaa). Kwa kuwa eneo la kupaka limekuwa dogo, naweza kumpaka nyingi inavyotakiwa bila kubana chupa.

Wifi aliponiona namvalisha saa kumi aliniambia, "Dada, jua si limeshapoa?" Ana haki kwa sehemu. Mimi huangalia kivuli cha mtoto mwenyewe: kikiwa kifupi kuliko kimo chake, jua bado ni kali. Desemba kule Jambiani, saa tisa alasiri kivuli hakijamfikia kimo. Saa kumi kimemzidi kwa karibu nusu, na saa kumi na moja ukali umepungua sana. Shida ni kwamba sisi hutoka baada ya kupumzika, saa tisa au saa kumi, tukiwa tumeshaamini kwamba jioni imeingia. Na baharini jua haliji upande mmoja. Mchanga mkavu kama ule wa Jambiani hurudisha takriban asilimia 15 ya mionzi hiyo, povu la mawimbi karibu asilimia 25, na mtoto aliyezama nusu mita bado anafikiwa na kama asilimia 40 ya iliyopo juu ya maji. Ngozi yenye melanini ya kutosha, ile rangi ya asili ya ngozi, huvumilia. Ya binti yangu haina, na kila kidogo inachokipata kinajumlishwa na cha jana. Saratani ya ngozi huwaondoa watu wenye ualbino wangali vijana katika nchi zetu. Kwangu hili si jambo la urembo hata kidogo.

Jambo jingine lililonifurahisha sikulitegemea. Maji yakitoka, Jambiani bahari huenda mbali mno, na watoto huwafuata akina mama wanaolima mwani hadi kwenye vigingi vyao. Huko hakuna mnazi wala banda. Rangi ya chungwa niliiona tangu barazani kwa wifi. Ingekuwa ya buluu, kama zile zilizojaa madukani, ningekuwa nakodoa macho. Yeye haoni mbali, kama watoto wengi wenye ualbino, na jua la chini linamchoma machoni, kwa hiyo alivaa miwani ya jua yenye kamba nyuma ya kichwa, na mimi nilijifunga kanga nyekundu ili anijue kati ya watu.

Kaka yake nilimnunulia ya mtumba Karume, shilingi 7,000, ya kijani. Ngozi yake haimdai hivyo, lakini sikutaka nguo hii iwe alama ya mmoja. Wote wawili walipovaa, hakuna mtoto aliyeuliza kitu. Na kijijini kule nguo ya mikono mirefu inaheshimika pia.

Kasoro zipo. Zipu ikifungwa hadi juu inamkwaruza kidevu, na hakuna kitambaa cha kuifunika ncha. Akinyoosha mikono kurusha mpira, mikono ya fulana inapanda na viganja vinabaki wazi hadi juu kidogo, hapo ndipo losheni isisahaulike. Kuivua ikiwa imelowa ni mieleka, inabidi mtu mzima aishike chini. Upepo wa jioni ukivuma naye kalowa, anatetemeka, kwa hiyo beba kanga kavu. Kukauka lakini inakauka upesi, ukiianika usiku asubuhi iko tayari. Isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, usiitie dawa ya madoa.

Mahali pa kwenda napo panachangia. Kendwa, upande wa magharibi, ni pazuri kwa machweo, ila jua linakutazama usoni hadi linazama. Jambiani na Paje ziko mashariki: jioni jua linakuwa nyuma ya kijiji na minazi inatupa kivuli kuelekea baharini. Kwa mtoto kama wangu nitachagua mashariki kila mara.

Kwenye saizi, chukua inayomtosha bila kuvutika. Kitambaa kikivutwa, matundu yake hufunguka na kinga inapungua, kwa hiyo usimbane mtoto na ya mwaka juzi. Ukinunua mtumba, tafuta lebo ya UPF, kisha inyooshe kidogo na uitazame ikiwa kati yako na mwanga. Ukiona vidole vyako upande wa pili, irudishe kwenye rundo. Ile ya kijani niliipata baada ya kurudisha kadhaa.