Koki ya kubonyeza kwa udhu: imekaribia kibaba?

Koki zinazojifunga zenyewe zinasifiwa kuwa dawa ya israfu misikitini. Kipimo cha kuzihukumu kipo tayari: katika hadithi ya Anas, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji na kuoga kwa pishi moja mpaka vibaba vitano. Kibaba hakifiki lita. Koki ya kawaida ya lita 10 kwa dakika, ikiachwa wazi dakika nzima huku mtu akikunja mikono ya kanzu, imeshapita vibaba kumi.

Koki ya kubonyeza ya lita 6 kwa dakika, ikikaa wazi sekunde 10, hutoa lita moja kila ikibonyezwa. Ukibonyeza mara nne ni lita nne. Bado mbali na kibaba. Ifungiwe mdomoni kichujio cha kupunguza maji, cha lita 2 kwa dakika, na kila mbonyezo utashuka hadi theluthi ya lita. Bila kichujio hicho, afadhali birika.

Ubovu wa koki hii uko ndani. Pistoni, yaani kile kinachosukumwa ukibonyeza, hurudi polepole kwa maji yanayopenya tundu dogo sana. Mchanga ukiliziba, koki haifungi, na maji yatamwagika kuanzia isha hadi alfajiri. Funga koki ya ukutani, fungua kichwa, toa pistoni, sugua tundu kwa brashi laini. Usichokoe kwa sindano: tundu likipanuka, muda unafupika. Chokaa huondoka kwa kuloweka kwenye siki. Mipira ya kuzibia maji ipakwe grisi ya silikoni. Mafuta ya taa na grisi ya gari huivimbisha.

Miguuni ndipo inapoudhi, maana mkono mmoja unabonyeza na mmoja unasugua. Ya kukanyaga ni bora. Ya kitambuzi, inayofunguka yenyewe ikihisi mkono, nayo hujifungua ovyo ikitazamana na vigae vinavyong'aa.

Wanaolalamika kuwa maji yakikatika udhu unavunjika wasiwe na wasiwasi: kufuatanisha viungo ni sunna kwa Shafi, na sekunde chache hazikaushi kiungo.

Kabla ya kuweka koki hizi, tenganisha bomba la maji machafu ya udhu na la choo. Maji yaliyokwisha kutumika kwa udhu wa faradhi ni tohara ila hayatoharishi, kwa hiyo hayatawadhiwi tena, lakini miti ya uani inayafaidi.