Faiba ya nyumbani Forest Mpya, miezi 8 sasa: spidi safi, huduma kwa wateja kwa simu bado

Nimefunga faiba (intaneti inayokuja kwa mwanga ndani ya waya mwembamba wa kioo) hapa Forest Mpya, Mbeya, miezi 8 imepita na kwakweli sirudi tena kwenye bando za simu, watoto wanasoma, mi nafanya vikao vya kazi na watu wa Dar kwa video na picha haigandi.

Siku ya kufunga nilimbana fundi kwa maswali. Akaniambia mama, mwanga unatoka kwenye mtambo wa ekschenji (kituo cha kampuni ya intaneti), unapita waya mmoja mpaka kikabati cha mtaani, pale unagawanywa kwa nyumba nyingi, mara nyingi 32 au 64, alafu unafika boksi la kwenye nguzo ndo kutoka pale waya mwembamba unaingia kwako. Na kile kigawanyio hakili umeme kabisa! Ndo maana umeme ukikatika, ruta naiweka kwenye betri ndogo na intaneti ipo, ilimradi na ekschenji wana betri zao.

Sasa mwezi wa sita ikaanza shida, mchana iko poa, usiku taa nyekundu ya LOS (yani mwanga haufiki kwenye kifaa) inawaka na intaneti hamna. Siku 4 napiga huduma kwa wateja wananiambia zima ruta uwashe, zima uwashe, yani iliniudhi sana maana hakuna hata aliyeuliza taa gani inawaka.

Fundi alivyokuja jioni akapima nguvu ya mwanga, hasi 29 dBm (namba ikikaribia sifuri ndo mwanga mwingi), akasema ikishapita hasi 27 kifaa hakisomi vizuri. Akachomeka kitochi chake cha mwanga mwekundu kwenye waya, akasema mama naomba uzime taa za sebuleni. Tukaufuata waya gizani na pale kwenye kona ya dirisha la alumini tukaona wekundu unavuja, kanukta kamewaka kama kaa la mkaa. Waya ulipitishwa dirishani siku ya kufunga, na baridi ya hapa kwetu mnaijua, usiku tunalibana dirisha mpaka mwisho, waya unakunjika, mwanga unatokea pembeni badala ya kwenda mbele.

Akatoboa ukuta, akapitisha waya mpya kwa kona pana, akaunga, akapima tena, hasi 19. Toka siku hiyo haijakata. Kwahiyo wakija kufunga kwako kataa kabisa waya kupita dirishani, waambie watoboe, na tundu lizibwe na silikoni mvua isiingie.