Kemshafti ya pikapu nzito ya otokrosi: ipi inunuliwe kwanza, ipi iachwe dukani

Kabla hujafungua katalogi ya kemshafti, yaani mhimili wenye nundu unaofungua na kufunga valvu za injini, shika kalamu upige hesabu ya gia zako. Chukua pikapu ya V8 yenye giaboksi ya 4L60E, ambayo gia yake ya pili ina uwiano wa 1.63, difu ya 3.73 na tairi zenye kipenyo cha inchi 28. Ukiwa gia ya pili kwa kilomita 40 kwa saa, injini inazunguka kama mara 1,800 kwa dakika. Ukifika kilomita 100 kwa saa, iko kwenye 4,500 hivi. Gia ya kwanza, yenye uwiano wa 3.06, inakupa 3,400 kwenye hizo kilomita 40, lakini ukikaribia kilomita 70 imeshafika 6,000 na imeishiwa pumzi.

Sasa weka hesabu hiyo juu ya uwanja wenyewe. Otokrosi huchezwa kwenye lami pana iliyopangwa koni, gari moja moja dhidi ya saa, na raundi moja mara nyingi huisha ndani ya dakika moja. Kona za kubana pikapu huzichukua kwa kilomita 35 mpaka 50 kwa saa, na penye kunyooka ni nadra ivuke 100. Dereva mzoefu huingiza gia ya pili mara tu anapoondoka kwenye mstari, akakaa humo humo mpaka mwisho, kwa sababu kubadilisha gia katikati ya koni za kupinda kushoto na kulia kunakula muda na kuyumbisha gari. Maana yake kemshafti yako itafanya kazi kati ya mizunguko 1,800 na 4,500. Nguvu inayokuja baada ya 6,000 utailipia bila kuitumia, na mara nyingi malipo yenyewe ni torki (nguvu ya kuzungusha) ya mizunguko ya chini uliyokuwa nayo tangu gari linatoka kiwandani.

Uzito unalifanya jambo hili kuwa kali zaidi. Gari jepesi lenye injini dhaifu chini hujiokoa kwa sababu halipunguzi mwendo sana kwenye kona. Pikapu ya kilo 2,000 na ushei huingia polepole, na ili ichanganye tena inahitaji kusukumwa kweli. Halafu mgongo wake ni mwepesi, uzito mwingi uko mbele. Nguvu ikilala mpaka 3,500 kisha ikaamka ghafla, tairi za nyuma zinasaga lami na saa inaendelea kuhesabu. Unachotafuta ni torki inayopanda mapema na kubaki pale pale, ili mguu wako ndio uamue ni kiasi gani kiende kwenye tairi.

Namba za kusoma kwenye kadi ya kemshafti

Ya kwanza ni muda wa valvu kuwa wazi, unaopimwa kwa digrii za kranki. Linganisha kemshafti kwa kipimo cha tapeti (kipande kinachokaa juu ya nundu na kuinuliwa nayo) ikiwa imeinuka inchi 0.050, kwa sababu ule muda mrefu zaidi unaotangazwa kila mtengenezaji huupima kuanzia mahali pake. Ya pili ni pembe kati ya nundu ya kuingiza na nundu ya kutolea. Pembe ikiwa finyu, valvu zote mbili zinakaa wazi pamoja kwa muda mrefu zaidi. Kimo cha kuinuka ni cha tatu, na kwa matumizi haya kimo kikubwa hakina ubaya wowote mradi springi zinakihimili.

Lakini namba inayobeba mambo yote mara nyingi lazima uitafute mwenyewe: valvu ya kuingiza inafungwa lini? Chukua nusu ya muda wake, jumlisha senta ya nundu (digrii ya kranki ambapo nundu ya kuingiza iko kileleni), toa 180. Kemshafti ya digrii 206 iliyofungwa kwa senta ya 108 inafunga valvu digrii 31 baada ya pistoni kufika chini. Ya digrii 224 kwa senta ya 110 inafunga kwenye 42. Digrii hizo 11 zinaonekana chache, lakini katika muda huo pistoni imeshaanza kupanda, na injini ikiwa kwenye mizunguko 2,000 inarudisha sehemu ya hewa kwenye manifoldi, yaani njia zinazogawa hewa kwa silinda. Hewa iliyorudi haichomwi. Kwenye mizunguko 6,000 hewa inaingia kwa kasi inayoifanya iendelee kujaa hata pistoni ikiwa inapanda, na ndiyo sababu kemshafti ndefu hung'ara huko juu. Pikapu yako haifiki huko.

Muda wa valvu zote mbili kuwa wazi nao una gharama yake. Ukiwa umeshikilia mafuta nusu katikati ya kona, kwenye mizunguko 2,000, moshi unarudi kwenye upande wa kuingiza na injini inaanza kushtuka-shtuka. Kila mshtuko unahamisha uzito wa gari, pua inateleza kwenda nje, na koni inaanguka. Breki nazo zinaumia. Busta ya kawaida, inayousaidia mguu kukanyaga breki, inategemea mvuto wa hewa wa manifoldi, na anayekanyaga breki kwa mguu wa kushoto huku wa kulia ukiwa bado kwenye mafuta huumaliza mvuto huo haraka. Pikapu za kazi nzito ambazo breki zake husaidiwa na pampu ya usukani hazina tatizo hilo.

Orodha yangu

Mifano yangu ni ya injini za GM za kizazi cha Gen III, yaani za lita 4.8, 5.3 na 6.0 zilizoanza kuwekwa kwenye pikapu za Chevrolet na GMC za mwaka 1999, kwa kuwa vipuri vyake ni vingi na namba zake zinajulikana. Mwenye V8 nyingine yenye kemshafti moja ndani ya bloku afuate mantiki ileile. Kumbuka mahali tunapoanzia: kemshafti ya kiwandani ya 5.3 ya LM7 ina digrii 190 kuingiza, 191 kutoa, na pembe ya 114.

Nafasi ya kwanza naipa kemshafti fupi yenye kimo kikubwa: kuingiza digrii 206 mpaka 212, kutoa 212 mpaka 218, pembe ya 112 mpaka 114, senta ya kuingiza kwenye 108 hivi. Inafungua valvu haraka na juu, halafu inaifunga mapema. Injini inapumua vizuri kuliko ya kiwandani kuanzia katikati, na chini haipotezi kitu cha kukuumiza. Mwenye 5.3 abaki karibu na 206. Mwenye 6.0 anaweza kwenda 212 bila wasiwasi, kwa sababu silinda kubwa humeza digrii. Kemshafti inayotingisha 4.8 hutulia kabisa ndani ya 6.0. Achana na kishawishi cha kubadilisha manifoldi ya pikapu kwa ile fupi ya gari la michezo. Njia ndefu za hewa za ile ya pikapu ndizo zinazoijaza silinda kwenye mizunguko tunayoihitaji.

Ya pili ni kuiacha kemshafti ya kiwandani mahali pake na kupeleka fedha kwenye difu. Ukitoka 3.73 kwenda 4.10, msukumo kwenye tairi unaongezeka karibu asilimia 10 katika kila mzunguko wa injini, na kilomita zile 40 kwa saa zinakuwa mizunguko 2,000. Hakuna kemshafti inayoongeza asilimia 10 kwenye mizunguko 2,000. Kwa mwenye 4.8, au mwenye difu ya 3.42 kushuka chini, hili linapanda kuwa la kwanza, na kemshafti isubiri msimu ujao. Tena kuna suala la kanuni: kubadilisha kemshafti kwa kawaida kunakutoa kwenye daraja la magari ya kawaida na kukupeleka kushindana na waliobadilisha kila kitu. Muulize mwandaaji kwanza. Muulize pia kama pikapu yako inaruhusiwa kwa kimo ilicho nacho, maana gari lililo refu kwenda juu kuliko upana wa magurudumu yake linaweza kuzuiwa kwa hofu ya kupinduka. Kuishusha ni kazi ya kwanza kabla ya hizi zote.

Ya tatu ni kemshafti ya LS6, iliyokuwa kwenye Corvette Z06 za 2002 mpaka 2004: digrii 204 na 218, kimo cha inchi 0.551 na 0.547, pembe ya 117.5. Ni ya kiwandani, imetengenezwa idumu, na walioitoa ili wafunge kubwa zaidi huiuza ikiwa bado nzuri. Inaingia moja kwa moja kwenye bloku za Gen III. Iko chini ya ile ya kwanza kwa sababu pembe yake pana inachelewesha kufunga valvu ya kuingiza, hivyo chini haivuti vilevile. Lakini injini inatulia kama haijaguswa, breki hazisumbui, na ukinunua pamoja na springi za LS6 yenyewe umepata vitu vilivyoundwa vifanye kazi pamoja.

Ya nne ni digrii 218 mpaka 224 kwa pembe ya 112. Ninaipendekeza kwa mtu mmoja tu: mwenye 6.0 au zaidi, difu ya 4.10 au kubwa kuliko hiyo, na giaboksi ya mkono au konveta ya giaboksi ya otomatiki inayoruhusu injini kupanda zaidi kabla ya kuuma. Likikosekana moja katika hayo, rudi juu kwenye orodha.

Kemshafti za supachaja zinawachanganya wengi kwa sababu ya pembe yake. Ile ya LS9 ya Corvette ZR1 ina digrii 211 na 230 kwa pembe ya 122.5. Piga hesabu ya muda wa valvu zote kuwa wazi utaona inalingana karibu kabisa na LS6, licha ya kuwa na digrii nyingi zaidi. Imepangwa hivyo ili hewa iliyosukumwa isipitilize kwenda kwenye ekzosi. Kwenye injini isiyo na supachaja, ile 230 ya kutolea inafungua valvu mapema na kuachia shinikizo ambalo lingeendelea kusukuma pistoni. Kama pikapu yako ina supachaja, basi aina hii inapanda hadi juu kabisa.

Ya mwisho ni zile za 230 na zaidi kwa pembe ya 108, zinazofanya injini ingurume kwa kudunda ikiwa sailensi, yaani inawaka bila kukanyagwa mafuta. Sauti ni tamu, nakiri. Kwa pikapu nzito kati ya koni, hakuna chaguo baya kuliko hili.

Wenye injini za kemshafti nne juu ya vichwa, kama Ford F-150 ya 5.0 kuanzia 2011 au Toyota Tundra ya 5.7, msinunue kemshafti. Kompyuta inazisogeza zenyewe kulingana na mizunguko. Nendeni kwenye programu na difu.

Vinavyokwenda nayo

Springi za valvu za pikapu zilipangiwa kimo cha chini ya inchi 0.480. Ukipita 0.500 badilisha zote 16. Badilisha na cheni ya taimingi, na pima urefu wa fito za kusukuma badala ya kukisia. Za kiwandani ni inchi 7.400, lakini kemshafti yenye mzingo mdogo wa chini au kichwa kilichochongwa kinabadilisha hesabu.

Kwenye Gen III unaweza kutoa kemshafti bila kufungua vichwa. Ukishaondoa fito, unaizungusha kemshafti ili tapeti zipande na kushikwa na trei zake za plastiki. Trei zikiwa zimechoka, tapeti moja huteleza na kuanguka ndani, na hapo injini nzima inashushwa. Kwa gari lenye kilomita nyingi, panga kufungua vichwa tangu mwanzo.

Angalia sana kama injini yako ni ya miaka ya baadaye yenye mfumo wa kuzima silinda 4, yaani namba 1, 4, 6 na 7. Mfumo huo una tapeti zake na kemshafti yake. Ukitaka kufunga kemshafti ya kawaida, tapeti, kifuniko cha bonde la bloku na programu vyote vinabadilika, na vichwa lazima vifunguliwe. Hesabu gharama hiyo kabla hujaagiza.

Programu ya kompyuta si ya kuruka hata kwa kemshafti ndogo. Kadiri valvu zinavyokaa wazi pamoja, hewa isiyochomwa hupita mpaka kwenye sensa ya oksijeni, kompyuta ikadhani mafuta ni machache na kuyaongeza. Gari linanuka petroli na kuzubaa pale pale kwenye mizunguko 2,000 uliyotaka kuiponya.

Siku ya kufunga, mwambie fundi aweke gurudumu la digrii kwenye kranki na diali geji juu ya tapeti, hata kama alama za gia za taimingi zimetazamana vizuri. Kadi ikisema senta ni 108 na wewe ukasoma 112, valvu inafungwa digrii 4 baadaye kuliko ulivyolipia, na torki imehamia juu. Tumia gia ya taimingi yenye nafasi kadhaa za ufunguo, uirudishe 108 kabla kifuniko cha mbele hakijafungwa.