Friwili ilishikana, fundi wa kwanza akaileta nyundo

Nilikuwa nateremka Jogoo Road, Nairobi, kwa baiskeli asubuhi, nimeacha kukanyaga, mara pedali zikaanza kunisukuma miguu zenyewe. Kutazama chini, cheni imelegea upande wa juu na inaning'inia karibu na spoki. Nikashuka hapo hapo.

Friwili, ile sehemu yenye giya za nyuma inayoacha gurudumu lizunguke hata usipokanyaga, ilikuwa imeshikana, na chanzo nakijua. Wiki moja kabla nilipeleka baiskeli kwa vijana wanaoosha matatu, wakaipiga maji ya presha katikati ya giya za nyuma. Maji ya nguvu namna ile hupenya hadi kwenye gololi na kuitoa grisi. Zile kucha ndogo za ndani, ambazo hulala na kuinuka ukiacha kukanyaga, zikapata kutu. Tafadhali, osha giya kwa kitambaa na brashi.

Fundi wa kwanza, karibu na steji, hakuwa na soketi ya friwili, kile kifaa cha kuifungulia. Akaweka tindo kwenye jino akaanza kugonga. Meno mawili yakakatika, friwili haikusogea hata kidogo, na bado akadai shilingi 150. Iliniuma sana, maana hii baiskeli ndiyo inayonifikisha kazini Industrial Area kila siku. Friwili hujikaza kila unapokanyaga. Ya miaka mitatu ya vilima haiwezi kung'olewa kwa nyundo.

Nikaikokota hadi Kariobangi kwa mzee mmoja niliyeelekezwa. Kabla ya kushika spana alipangusa matope, akachungulia, akasema, "Kijana wangu, hii ni ya kufungwa kwa thredi kama skrubu, si kaseti, ile ya kuchomekwa. Na ingekuwa ni kutu tu, ningeiosha kwa mafuta taa ikapona. Meno ndiyo yamekwisha."

Alivyoitoa ndiko kulikonifurahisha. Alifungua nati ya ekseli, akaingiza soketi yenye mikato, akairudisha nati juu yake ili soketi isichomoke. Akabana soketi kwenye vaisi, kile kibanio cha chuma cha mezani, gurudumu likalala kama usukani wa lori. Akashika rimu kwa mikono miwili, akaisukuma kuelekea kushoto. Ikalia "ka!" mara moja. Hakuendelea, alilegeza nati kwanza, ndipo akaizungusha hadi ikatoka. Thredi za habu, yaani kitovu cha gurudumu, alizisugua kwa brashi ya waya na kuzipaka grisi, ili siku nyingine isisumbue.

Friwili mpya ya giya sita shilingi 900, ufundi 200. Nilingoja kwa muda wa karibu saa tatu kwa sababu yuko peke yake na foleni ni ndefu, kwa hiyo usiende ukiwa na haraka. Lakini kazi yake nimeiamini. Ukienda kwa fundi yeyote, muombe akuonyeshe soketi kabla hujamwachia gurudumu.

Huu ni mwezi wa pili tangu anitengenezee. Nikiteremka Jogoo Road miguu imetulia, nyuma inalia tik-tik-tik, cheni imenyooka.