Nyimbo za machipuko kutoka Japani: ipi uanze nayo, ipi uiache kwanza

Haya wadau, leo tuna nyimbo sita za Kijapani zinazohusu machipuko, zote za kuanzia 2019 kuja huku. Nasema machipuko, yaani majira mimea inapochipua baada ya baridi, sisemi masika, ingawa kamusi nyingine zinakubali. Ukimwambia mtu wa Dar "wimbo wa masika" anawaza Jangwani imejaa maji.

Kabla hujabonyeza wimbo hata mmoja, ondoa wazo moja kichwani: kwamba wimbo wenye maua ni wimbo wa furaha. Kwa Japani, mara nyingi ni wimbo wa kuagana. Mwaka wa shule unaisha Machi na mwingine unaanza Aprili. Mahafali ni Machi, na sakura za Tokyo, maua ya mcheri, huchanua kuelekea mwisho wa mwezi huohuo. Kijana wa miaka 15 au 18 anaagana na darasa zima, na wiki chache baadaye yumo kwenye sare nyingine na watu asiowafahamu. Ua limesimama katikati ya siku hizo mbili. Ndiyo maana mwimbaji akitaja sakura tu, wasikilizaji wake wameshaelewa nani anaondoka.

Na lile ua halisubiri. Sakura nyingi za mijini ni aina moja, Somei Yoshino, inayozalishwa kwa kupandikiza tawi, kwa hiyo kijenetiki miti hiyo ni kama mti mmoja ulionakiliwa. Ikichanua, inachanua pamoja. Tokyo kuna mti wa kipimo kwenye hekalu la Yasukuni: maua 5 au 6 yakifunguka, Idara ya Hali ya Hewa inatangaza kwamba sakura zimeanza. Yakifika asilimia 80, zimechanua kamili, na hapo imepita kama wiki moja tu. Ikija mvua na upepo, basi. Hesabu hiyo ya siku iweke akilini, maana kuna wimbo mmoja hapa umejengwa juu yake.

Jambo jingine dogo: ujana kwa Kijapani ni seishun, na huandikwa kwa herufi mbili, moja ya rangi ya bluu au kijani, nyingine ya machipuko. Sisi tunaita chipukizi mche na mchezaji wa miaka 17 kwa neno lilelile, kwa hiyo hapa hatuhitaji mkalimani.

Tuingie kwenye nyimbo.

Aimyon, "Haru no Hi", 2019. Ulitoka kwa ajili ya filamu ya katuni ya Crayon Shin-chan ya mwaka huo, inayohusu fungate ya wazazi wa Shin-chan. Mwendo wake ni wa kutembea, gitaa liko mbele, na unaanzia kwenye jukwaa la stesheni ya Kita-Senju, stesheni halisi ya Tokyo. Maneno yake ni ya ndoa zaidi kuliko ya shule, hilo ni kweli, ila kama unataka kuimba na si kusikiliza tu, anza hapa. Silabi hazikimbizani na una nafasi ya kuvuta pumzi.

Wa pili ni wake pia: "Sakura ga Furu Yoru wa", 2021, ulioandamana na kipindi cha mapenzi kwenye ABEMA, huduma ya video ya mtandaoni ya Japani. Angalia kitenzi kwenye jina. Maua kupukutika kwa kawaida ni chiru. Yeye ametumia furu, kitenzi cha mvua na theluji. Yaani usiku sakura zinaponyesha. Neno moja limebadilishwa na picha yote imebadilika. Muziki wenyewe ni mzuri wa wastani, lakini jina hilo limefanya kazi kubwa kuliko kiitikio.

yama, "Haru wo Tsugeru", 2020. Jina maana yake kutangaza machipuko. Mtunzi ni Kujira. Ulitoka tarehe 17 Aprili, siku kumi baada ya Tokyo kuwekwa chini ya hali ya dharura ya korona, kwa hiyo hapa hakuna bustani wala picnic. Kuna usiku wa manane na chumba cha mikeka sita na nusu. Kwa vipimo vya madalali wa nyumba huko, mkeka mmoja ni kama mita za mraba 1.62, kwa hiyo chumba chote ni kama mita 10 na nusu: kitanda, meza, na wewe. Huu usiusikilize kwenye spika ya simu. Spika ndogo haitoi sauti za chini, besi inapotea, unabaki na sauti ya yama na makofi ya ngoma, halafu unaniambia wimbo ni mwepesi. Vaa hedifoni. Na usijaribu kuuimba wiki ya kwanza, maneno yamebanana mno.

tuki., "Sakura Kimi Watashi", 2024. Jina ni maneno matatu tu: Sakura, Wewe, Mimi. Huyu alianza kutoa nyimbo 2023 akiwa na miaka 15, na haonyeshi uso. Kwa rika mnaonitazama, huyu ndiye wa umri wenu kabisa, na sauti yake ina ule mkwaruzo wa mtu anayesukuma noti ya juu kidogo kuliko anavyoiweza. Wapo wanaoliona hilo kosa. Mimi naona bila hilo wimbo ungekuwa kama zingine mia za mahafali.

Sasa Yorushika. Ni watu wawili: n-buna anatunga, suis anaimba. Wimbo wao wa 2024, "Haru", ndio ufunguzi wa pili wa anime, yaani katuni ya Kijapani, ya Sousou no Frieren, na hapa wengi wanapotea kwenye kutafuta. Haru ni machipuko, lakini hii haikuandikwa kwa herufi yake, 春. Imeandikwa 晴る, maana yake anga kutakata, mawingu kuondoka. Kwa sikio ni neno moja, kwa jicho ni mawili, na mchezo wote uko hapo. Ukiandika "haru" kwa herufi zetu utaletewa kila kitu isipokuwa huo. Nakili 晴る pamoja na jina Yorushika, au tafuta "Sunny", jina linalotumika kwenye programu nyingi za muziki. Na hakikisha umepata wimbo kamili. Ule wa kwenye anime ni wa sekunde 90 kama ufunguzi wowote, na video nyingi za mitandaoni zimeukata palepale au zimeuharakisha hadi suis anasikika kama mtoto.

Kwa wenye bando dogo: sikiliza sauti bila video. Kwa ubora wa kilobiti 160 kwa sekunde, dakika moja ni kama MB 1.2, wimbo wa dakika tano ni MB 6.

Kuimba. Mswahili ana bahati: irabu zao ni tano zilezile, na silabi nyingi huishia kwa irabu. Hata ile n inayosimama peke yake tunayo, ndiyo n ya "nchi" na m ya "mtu". Se-i-shu-n ni mapigo manne, si mawili. Tunapoharibu ni sehemu mbili. Kwanza irabu ndefu: mahafali ni so-tsu-gyo-o, manne, ukiikata ile o ya mwisho umefika mapema na bendi iko nyuma yako. Pili konsonanti mbili: neno zutto, yaani daima, linalojaa kwenye nyimbo za kuagana, lina mapigo matatu, na la katikati ni kimya. Zu, nyamaza, to. Watu wanaimba "zuto" halafu wanashangaa mstari mzima umetangulia pigo moja. Dawa yake ni kupiga makofi: kofi moja kwa kila pigo, bila muziki, mstari mmoja mara kumi. Lile la kimya nalo lipigie kofi.

Nimeubakiza wa mwisho kwa makusudi. Yorushika tena, "Haru Dorobō", Januari 2021, 春泥棒. Mwizi wa machipuko. Mwizi ni upepo, na kadiri wimbo unavyokwenda unaona upepo wenyewe ni muda, na maua ni siku za mtu. Kiitikio kinafunguka kwa neno harari, ambalo ni tanakali ya kitu chepesi kikianguka. Sisi tuna chubwi ya jiwe majini, wao wana hii ya petali. Halafu neno hilo linapokezana na hareri, kutakata, sauti zinakaribiana hadi maua kuanguka na anga kufunguka vinakuwa tendo moja. Nyimbo nyingine zinakuambia tunaagana. Huu unakuhesabia.

Fanya hivi. Nenda karibu na mwisho, pale ala zinapotulia, na tega sikio kwa maneno mawili tu: futatsu, viwili, na hitotsu, kimoja. Ni maua yaliyobaki mtini. Ukishayapata hayo, subiri silabi moja fupi sana, ha. Ni jani.