Matibabu ya wazee bure, Mbagala: nyota tatu, na moja ya ziada kwa mhudumu wa mtaani kwetu

Mimi ni dereva wa bajaji, kijiwe changu Rangi Tatu. Uchochoro wowote kuanzia Charambe mpaka Chamazi niulize mimi. Lakini njia ya kumpatia mama yangu mzazi matibabu ya bure niliitafuta miezi mitatu, kumbe anayeijua anakaa nyumba ya tano kutoka kwangu.

Mama ana miaka 71. Alikuja kutoka Newala, mwenyewe anasema kusalimia wajukuu, ila nilipomwona anashuka kwenye basi roho ikanishtuka. Amekonda, maji anakunywa hayamtoshi, usiku anaamka mara nne, mara tano. Nikampeleka zahanati ya mtu binafsi. Sukari, na presha iko juu. Daktari, vipimo na dawa za wiki mbili: shilingi 47,000. Wiki mbili zikiisha, turudi. Kwa mtu mwenye bajaji ya mkataba, ambaye bosi anadai hesabu yake kila jioni hata mvua inyeshe, hapo hutoboi.

Aliyenifungua macho ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Ni wale wa mpango uliozinduliwa Januari 2024, wanapita nyumba kwa nyumba na begi na daftari. Mimi nilidhani kazi yao ni chanjo za watoto basi. Alikuja kumwangalia mwanangu mdogo, akamkuta Mama kwenye mkeka, akaniuliza umri wake. "Kaka, mzee wa miaka 60 na kuendelea asiyejiweza anatibiwa bure kwenye vituo vya serikali. Wewe hizo hela unalipia nini?" Sikuwa na jibu. Akanipangia safari: kwanza serikali ya mtaa, halafu Ustawi wa Jamii, ndipo dirisha la wazee kwenye kituo cha serikali. Mkononi niwe na kitambulisho cha NIDA cha Mama na picha zake ndogo mbili.

Serikali ya mtaa nawapa nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu kulikuwa na benchi. Mama si mkazi, alete barua ya kijijini kwao. Nikaomba ya kwenye WhatsApp, wakakataa, wanataka yenye muhuri wenyewe. Ndugu yangu akaifunga ndani ya mfuko wa korosho, akamkabidhi kondakta wa basi. Barua ilifika inanuka korosho, lakini muhuri upo. Kuandikiwa ya kwao wakataka 3,000 "ya ofisi". Risiti hakuna. Nililipa, maana nilishapoteza asubuhi nne za kazi.

Ustawi wa Jamii, nyota nne. Afisa alimkaribisha Mama kiti, akamuuliza taratibu: unaishi na nani, unalima nini, nani anakulisha. Mama kwa kujivuna akajibu, "Mwanangu huyu ana gari." Nikaona msamaha wetu wa malipo unaota mbawa. Ikabidi nimwonyeshe afisa lile gari dirishani, la magurudumu matatu na si langu. Alicheka mpaka akavua miwani, akagonga muhuri.

Dirisha la wazee lenyewe lipo kweli, si kibao tu. Siku ya kwanza tulirudishwa, kosa letu: Mama alikuwa ameshakunywa chai na vitumbua viwili, na kipimo cha sukari wanataka uwe hujala kitu. Mara ya pili tulifika saa 12 asubuhi, saa 3 tumeshamwona daktari. Muuguzi, binti mdogo tu, alimwamkia shikamoo na kumshika mkono mpaka kwenye mzani. Mama habari ya foleni aliisahau palepale, mpaka leo anamsimulia huyo binti.

Ila ujue bure yenyewe ina mpaka. Daktari bure, vipimo bure, dawa bure kama ipo. Metformin, dawa ya sukari, tulipata ya mwezi mzima, ya presha tukaambiwa imeisha, kanunue nje. Nikanunua. Siku hizi namtuma mhudumu aniulizie kama dawa ipo kabla hatujatoka nyumbani, maana yeye kila wiki yupo pale na daftari lake. Kama mtaani kwenu humjui mhudumu wenu, waulize zahanati ya karibu, au piga 199 ya Wizara ya Afya, haikati salio. Niliijaribu usiku mmoja, nikasubiri kidogo, akapokea mtu mwenye lugha nzuri.

Mama sasa usiku anaamka mara moja. Ugomvi uliobaki ni chai, anasema ya rangi bila sukari ni adhabu ya mahabusu. Kliniki yake nyingine ni Jumanne, nimeshamwambia bosi siku hiyo hesabu itachelewa.